Shemeji, Sasa Ninakula Mbichi, Tena Sakafuni

S.L.P. 14,
Itilliak,
Pwani ya Kaskazini,
Labrador.

Alhamisi, 21 Novemba 1996.

Mpendwa shemeji yangu Hulda,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upole, nikiwa nimevua kofia ingawa hunioni. Namsalimu na mume wako, Bwana Elija, na wote waliomo chini ya dari yenu huko Kuujjuaq. Mimi mwenyewe ni mzima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa sababu ya adabu peke yake. Utaona mbele kidogo kwa nini.

Kabla ya yote naomba radhi. Barua yako ya rambirambi, uliyoiandika Salome alipofariki, ilinifikia mwezi wa Machi 1993. Leo ni miaka mitatu na miezi minane, na hii ndiyo mara ya kwanza ninakujibu. Haikupotea. Imekaa ndani ya sanduku la tarumbeta langu, chini ya kitambaa cha kufutia, na kila nilipofungua sanduku niliiona, nikalifunga tena. Sina udhuru wa kukupa isipokuwa aibu, na aibu si udhuru mzuri kwa mtu wa umri wangu.

Vipi magoti yako? Dada yako alikuwa akiyauliza kila majira ya baridi yalipoanza, kana kwamba ningeweza kujua. Na macho ya Bwana Elija, je, yalipata daktari? Nasikia huko kwenu theluji ilitangulia mwaka huu. Hapa ghuba imeshika barafu tangu Jumamosi, lakini bado haijabeba pikipiki za theluji, na Boas amekwisha kuzamisha moja ya kwake, jambo analolifanya kila mwaka na kulikana kila mwaka.

Sasa niseme habari yenyewe, maana kalamu inanikimbia mkononi. Shemeji, ninakula mbichi. Nyama ya kulungu iliyoganda, samaki wekundu wa mtoni, kwale weupe, ini la sili likiwa bado na joto lake. Ninakula na kabichi na figili mbichi za bustani ya kanisa, na mayai ya kuku wa Sabina, ambayo nayavunja kichwa na kuyameza yalivyo. Tena ninavila sakafuni, juu ya katoni iliyokunjuliwa. Mimi, Renatus, uliyenijua.

Nakuona umeiweka barua chini. Tafadhali iokote, nina mengi ya kueleza.

Baada ya Salome kuondoka, njaa yangu iliondoka naye. Niliendelea kuandaa meza kama tulivyozoea: kitambaa, uma kushoto, kisu kulia, sahani mbili kwa sababu mkono haukukubali kuchukua moja. Nilisali, nilifungua kopo la nyama, nilikula vijiko vitatu, nikasali tena. Biskuti na chai vilinitosha siku nzima. Suruali zangu nilizifunga kwa kamba ya mzigo. Katika bendi ya kanisa niliomba radhi nikaweka tarumbeta chini, kwa kuwa pumzi ilikuwa inaishia njiani kabla wimbo haujafika.

Septemba mwaka huu muuguzi wetu, Bibi Maureen, mama mkarimu kutoka Newfoundland, alinipandisha kwenye mizani. Kilo hamsini na mbili. Nilipomwoa dada yako nilikuwa na sabini na moja. Akampigia simu binti yangu Tabea, ambaye, kama ujuavyo, ni mkalimani wa wagonjwa huko Goose Bay. Wakazungumza muda mrefu mimi nikiwa nimekaa pale pale kwenye kiti, wakinitaja kama mzigo uliochelewa bandarini.

Uamuzi ulikuwa huu. Tarehe kumi na tisa Novemba Tabea angekuja kwa ndege. Kama mizani ingesema hamsini na saba, ningebaki nyumbani. Kama isingesema, kiti cha kurudia kilikuwa kimekwisha kuandikwa jina langu, na kitanda kilikuwa kinaningoja katika nyumba ya wazee. Sisemi neno baya juu ya nyumba ile. Wanasema ina joto na televisheni. Lakini iko mbali na kaburi la Salome kwa saa moja na nusu ya ndege, na dirisha lake haliangalii bahari. Niliitikia kwa kichwa kwa adabu, nikaenda nyumbani, nikakaa mezani mbele ya sahani mbili, nikaogopa kama sijawahi kuogopa juu ya barafu.

Boas alikuja wiki ya kwanza ya Oktoba. Unamkumbuka Boas, jirani yetu, mume wa Sabina; amezeeka lakini mdomo wake haujazeeka. Alitupa paja la kulungu kwenye ukumbi wangu wa mbele, limeganda kama gogo.

"Bwana Uma," akasema, maana ndilo jina alilonipa tangu ujana na kijiji kizima kikalichukua, "nimesikia wanakusafirisha."

"Bado haijaamuliwa," nikamjibu.

"Kula hii ibaki bila kuamuliwa. Usiipike. Ukiipika unakunywa maji tu. Mtu aliyekonda kama wewe anatiwa moto na nyama iliyoganda, si na supu ya pakiti."

Nilimshukuru, nikamwambia nitaifikiria. Alipoondoka niliifikiria mpaka mate yakanijaa mdomoni. Shemeji, nilikuwa sijala nyama mbichi tangu nilipokuwa na miaka minane, siku niliyoingia shule ya misheni. Mwalimu wetu alitwambia kwamba mdomo wenye damu haufai kuimba tenzi, nami nilipenda kuimba kuliko kula. Simlaumu. Mkono huu unaoandika ni kazi yake. Lakini sabini ni miaka mingi ya kutii sentensi moja.

Nikaliweka paja mezani. Nikatandika kitambaa, nikafunga leso shingoni, nikachoma uma. Uma ukapinda. Nikachukua mwingine, nikakandamiza kwa nguvu zote; nyama ikateleza, ikaruka, ikapiga picha ya harusi yetu ukutani. Boas, ambaye hakuwa ameondoka bali alikuwa amesimama nje ya dirisha, alicheka hadi akakaa kwenye theluji.

Akarudi ndani akanikalisha sakafuni. Alinionyesha tena jambo ambalo mikono yangu ilikuwa imelisahau: unauma ncha ya kipande kwa meno, unakishika kwa mkono wa kushoto, unakata kwa kisu kutoka chini kwenda juu, karibu na midomo. Nilifanya hivyo. Kipande cha kwanza kilikuwa baridi, kisha kikayeyuka ulimini, kisha utamu ukaja polepole kutoka mbali. Nilifumba macho. Na kwa kuwa nilifumba macho, nilijikata pua.

"Sasa umejua kwa nini wazee wetu walikuwa na pua fupi," Boas akasema, akinikandamizia leso yangu nzuri usoni.

Siku ya sita Bibi Maureen aliona plasta akabadilika rangi. "Mzee Renatus, umeanguka?"

"Hapana, Bibi. Nilikuwa nakula."

"Ulikuwa unakula pua?"

Nilimweleza. Akaniuliza maswali ya maana: nyama imeganda siku ngapi, imetunzwa wapi, ni ya mnyama gani. Nikamhakikishia kwamba hapa hakuna mtu anayegusa dubu wala walrasi wakiwa wabichi, na kwamba paja lilikaa kwenye friza ya kijiji tangu Boas alipotoka mawindoni. Akanipandisha kwenye mizani kwa wasiwasi. Nilikuwa nimeongeza gramu mia saba kwa siku sita. Aliishusha mizani akaipima upya kwa mfuko wa unga, akidhani imeharibika.

Shemeji, sijui nikuelezeje wiki zile. Niliamka nina njaa. Unafahamu ni muda gani tangu nilipoamka nina njaa? Miguu yangu, iliyokuwa baridi hata ndani ya soksi tatu, ilipata moto hadi nikaitoa nje ya blanketi. Asubuhi yai la Sabina, likiwa na joto la kuku. Mchana kulungu, na kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, ile inayolia menoni. Bustani ya kanisa ungeipenda: tangu wamisionari waondoke Sabina ndiye anayeilima, na majira yote ya joto hufunika kila mche kwa gunia jioni na kuufunua asubuhi, akiongea nao kama watoto wakaidi. Mazao sasa yamezikwa mchangani katika ghala la kanisa, nami nina ufunguo.

Boas aliponiletea sili, alimpasua pale pale ufukweni akanipa ini na ukanda mwembamba wa mafuta. Hivyo hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha mama yangu. Nilisimama pale na damu kidevuni, mhudumu wa kanisa kwa miaka arobaini, nikaimba kimoyomoyo aya zote nne za wimbo wa asubuhi, na hakuna kilichonipata. Jioni ile nilifungua sanduku la tarumbeta. Nilipuliza noti moja. Ilitoka ndefu, ikafika mwisho wake, mbwa wote wa upande wa kanisa wakaijibu. Barua yako niliiona tena, na kwa mara ya kwanza sikulifunga sanduku haraka.

Mwishoni mwa Oktoba mizani ilisema hamsini na tano na nusu.

Ndipo Boas akaenda mawindoni bara kwa siku kumi na mbili. Aliniachia nyama ya kutosha. Nami nikafanya kosa ambalo sikulijua kuwa ni kosa. Nilichukua kipande changu, nikasogeza kiti, nikala mezani peke yangu, kimya, kwa kisu kidogo. Siku ya kwanza nilikula vizuri. Ya pili nusu. Ya nne nilirudisha kipande kwenye karatasi nikachemsha chai. Bibi Maureen aliponipima, mizani ilikuwa imerudi hamsini na nne, na zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Nilikwenda kwa Sabina kurudisha trei ya mayai, kusema kweli nilikwenda kuaga. Nilimwambia nyama imenishinda.

Sabina hakuacha kushona. "Unaila na nani?"

"Peke yangu. Boas hayupo."

"Peke yako. Kama mbweha." Akauma uzi. "Mzee mzima, mwenye akili za vitabu. Nyama iliyoganda mtu haili peke yake, inakataa kushuka. Unatandaza katoni, unashika simu ya upepo, unaita watu. Hujui?"

"Najua wengine hufanya hivyo," nikasema.

"Wengine," akasema Sabina. Akaweka kazi yake chini. "Mkeo alijua. Kila Alhamisi, ulipokuwa kwenye mazoezi ya bendi, Salome alikuwa hapa. Hapo hapo ulipoweka miguu yako. Miaka ishirini na tisa."

Nikaiondoa miguu yangu pale, Shemeji.

"Alikuwa anakula kuliko sisi wote," Sabina akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Tena anachekesha, tumbo linatuuma. Kisha anatazama saa. Anasukutua kwa chai ya rangi, anatafuna majani yake, ananiuliza, 'Nanuka?' Namwambia, 'Hunuki.' Anakwenda kukuandalia meza."

Akainuka, akatoa kwenye kopo la unga ulu ya dada yako, kile kisu chake kidogo cha kike cha mpini wa pembe alichochongewa na baba yenu. Miaka yote nilidhani ilipotea. Makali yake yalikuwa yamenolewa hadi kisu kimebaki kama mwezi wa siku tatu. Akaniwekea mkononi.

Nilitembea nayo nyumbani, nikakaa. Nikaona wazi kitu ambacho nilikuwa nimekitazama kwa miaka thelathini na mitatu bila kukiona. Unajua nasema juu ya nini. Agosti 1963. Ulikuja na sili uliyempiga mwenyewe, mwenye furaha, ukatandaza katoni jikoni kwangu, wewe na Salome mkapiga magoti mkaanza kula na kucheka. Mimi nikaingia na mchungaji mgeni niliyemwalika chai. Nilikwambia mbele yake, "Hulda, hapa si hemani. Kuleni kama watu au mtoke." Ulifuta ulu yako kwenye gunia, ukavaa shali, ukatoka na meli ya siku ile. Dada yako alifuta sakafu. Hakunilaumu hata kwa neno moja, nami nikauchukua ukimya wake kuwa kukubali. Alikuwa amehamia tu kwa Sabina, kila Alhamisi, saa mbili.

Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilitandaza katoni mbili kwenye sakafu ya sebule, nikaweka juu paja zima, samaki watatu, kabichi, figili, bakuli la matunda mekundu ya msituni na mafuta ya sili. Nikashika simu ya upepo, inayosikika katika kila nyumba ya kijiji, nikasafisha koo, nikasema: "Ndugu zangu wa Itilliak, huyu ni Renatus, mhudumu wa kanisa. Kwa unyenyekevu nawaombeni nyote mlio na nafasi mfike nyumbani kwangu leo saa tisa alasiri. Ahsanteni sana, na Bwana awatie nguvu."

Hakuna aliyejibu. Simu ikawa kimya kabisa. Nilidhani nimekataliwa, na nikaona nimestahili.

Saa tisa nilisikia nyayo nyingi kwenye theluji. Nikafungua mlango. Watu ishirini na zaidi, wamevaa nguo nyeusi za kanisani, wanaume vichwa wazi kwenye baridi ile, wanawake wameshika leso, na nyuma yao bendi yenye vyombo vyake. Sabina alikuwa mbele, macho mekundu.

"Nani?" akaniuliza.

"Nani nini?"

"Nani amekufa, Renatus?"

Ndipo nikafahamu. Miaka arobaini nimeishika simu ile kwa habari za misiba tu, na nilikuwa nimewaita kwa maneno yale yale.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Nina nyama. Nimeona haya kula peke yangu. Naomba radhi kwa usumbufu."

 Kisha mzee Gustaf wa bendi akasema kutoka nyuma, "Mimi nimevaa tai kwa ajili ya mguu wa kulungu?" na Sabina akaanza kucheka huku akilia, akanipita akaingia, akapiga magoti na gauni lake la mazishi. Wote wakaingia. Walikula, Shemeji, hadi mfupa ukang'aa. Mtu mmoja alimwaga mafuta kwenye zulia la Salome, na mwingine akasema sasa ndiyo zulia limebatizwa. Nami nilikuwa katikati, natafuna, nacheka, bila kujua nimekula kiasi gani. Sikusukutua mdomo baadaye.

Tangu siku ile sikuita tena; wanakuja wenyewe. Jumanne na Alhamisi na siku yoyote anayopatikana mtu mwenye nyama. Boas aliporudi alikuta watu tisa sakafuni kwangu akasema, "Nimeondoka siku kumi na mbili, Bwana Uma amefungua hoteli."

Juzi, Jumanne tarehe kumi na tisa, Tabea akafika. Amekuwa mtu mzima wa haraka, anavua glavu huku akizungumza. Tulikwenda moja kwa moja kwa Bibi Maureen. Nilivua viatu, koti, hata saa, kwa sababu sikutaka kushinda kwa hila. Mizani ikasema hamsini na sita na nusu.

Nusu kilo, Shemeji.

Bibi Maureen alisoma mara mbili. Tabea alinishika mkono. "Baba, tulikubaliana."

"Tulikubaliana," nikasema. Sikutaka kujitetea. Mtoto wa watu hulala akingoja simu ya kumwambia nimekutwa sakafuni baridi. Hofu yake haikuwa uonevu. Nikamwambia nitapanga nguo zangu mwenyewe, kwa kuwa sanduku lilikuwa juu ya kabati na najua linavyofunguka.

Tulitembea kwenda nyumbani watatu, muuguzi naye akija kwa heshima. Tabea akasukuma mlango akasimama. Sebuleni kulikuwa na watu kumi na mmoja wamezunguka katoni. Ilikuwa Jumanne, na hawakuwa na habari ya mizani. Hawakumngoja mwenye nyumba.

"Funga mlango, mwanangu, joto linatoka," Sabina akamwambia bila kugeuka. "Unakaa au umetumwa?"

"Nimekuja kumchukua Baba," akasema Tabea.

"Utamchukua akishiba. Kaa. Hapo, kando ya Boas, lakini usimsikilize."

Tabea alisimama na koti lake la mjini. Kisha akaona ulu iliyokuwa juu ya katoni. Akaitambua; akiwa mdogo aliwahi kumsaidia mama yake kuinoa, na akaambiwa asimwambie Baba. Hilo nimelijua juzi tu. Akapiga magoti polepole, akaichukua, akakata kipande chembamba cha samaki sawasawa kama Salome alivyokata, akikisukuma kisu mbali naye. Akatafuna. Machozi yakawa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta.

"Huwa wanakuja lini?" akauliza baadaye, akimtazama Sabina, si mimi.

"Hatuna lini. Siku moshi wake usipotoka asubuhi, Boas anavunja mlango. Ameshauvunja mara moja, baba yako alikuwa amelala tu."

Bibi Maureen alikuwa bado kaegemea ukuta. Boas akamnyooshea kipande kwenye ncha ya kisu, naye akakila, Mungu ambariki, uso ukimkunjika na kunyooka. Kisha akamwambia Tabea, "Nusu kilo hiyo ameshaimeza tangu tuingie. Mimi nitaandika ninachokiona." Tabea akaitikia kwa kichwa. Sanduku langu bado liko juu ya kabati.

Sasa, Shemeji, nafika mahali palipo pagumu. Nyumba hii nilibaki nayo kwa sababu ya kitu kile kile nilichokufukuzia. Nilikukosea mbele ya mgeni, katika nyumba ya dada yako mwenyewe, na nilimfanya yeye aibe furaha yake kwa miaka ishirini na tisa na kutafuna majani ya chai njiani. Kwake siwezi tena kuomba radhi. Kwako naweza. Nakuomba unisamehe. Ukiona huwezi, nitaelewa, na nitaendelea kukuheshimu kama siku zote.

Ulu ya Salome sikutumii. Nilitaka kuitia katika kifurushi, kisha nikasita. Iko hapa, juu ya katoni, upande wa dirisha la bahari, pale mlipopiga magoti wewe na yeye. Nafasi hiyo hakuna anayeikalia; nimewaambia ni ya nani. Mwezi wa Machi jua likirudi na ndege zikiwa na uhakika, njoo, na magoti yako hayo hayo. Sabina amesema atakuwekea mto.

Nisalimie Bwana Elija, na umwambie pua yangu imepona. Nisalimie mabinti wako Lizzie na Susanna na watoto wao ambao sijawaona. Boas na Sabina wanakusalimu. Mzee Gustaf anasema bado ana kamba yako ya kuvulia na hana nia ya kuirudisha. Mungu wa mama zetu aliyewalisha juu ya barafu awape siku zenye mwanga na mate ya njaa mdomoni.

Ni mimi shemeji yako, anayekupenda na kukuomba,

Renatus Kajuatsiak.

Barua hii anaileta Tabea mwenyewe. Anaondoka kesho kwa ndege hadi Goose Bay, na Jumatatu anakuja huko kwenu kwenye mkutano wa wakalimani. Kiti kilichoandikwa jina langu kilikuwa kimekwisha kulipiwa, kwa hiyo pembeni yake, amefungwa mkanda kama abiria, atakuwako nusu kulungu. Ni wako. Tafadhali usimle peke yako.